Kifaa kinapokataa programu: Jinsi ya kutatua utata wa ruhusa za faili

UMEKESHA kwa siku tatu ukiandika programu katika tarakilishi yako. Umeijaribu hapo mezani na ikafanya kazi barabara. Sasa umeihamishia kwenye kifaa kidogo kinachokusudiwa kuongoza pampu ya maji, ukaiamuru ianze, na badala ya pampu kunguruma unapokea maneno mawili ya Kiingereza: "Permission denied". Maana yake ni kwamba umenyimwa ruhusa.

Ujumbe huu umewatoa jasho mafundi chipukizi na hata waliobobea. Kinachokera zaidi ni kwamba faili ni yako, kifaa ni chako na hakuna mtu mwingine aliyekigusa. Ni nani basi anayekukataza?

Vifaa vinavyozungumziwa katika makala haya ni vile vilivyo na tarakilishi ndogo ndani yake ambayo mtumiaji wa kawaida haioni: ruta za intaneti, ving'amuzi vya televisheni, kamera za ulinzi, pamoja na vibao vya saketi kama vile Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa Februari 2012. Vingi kati ya hivyo huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi jijini Helsinki. Linux nayo ilifuata nyayo za Unix, mfumo ulioanza kuundwa mwaka wa 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Enzi hizo tarakilishi moja ilitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, hivyo ikabidi kila faili iwe na mwenyewe na kila mtu ajue mipaka yake. Desturi hiyo imedumu hadi leo. Ndiyo sababu hata kifaa kilichofungiwa ndani ya kisanduku kando ya kisima, kisicho na kibodi wala skrini, bado kina orodha ya watumiaji na sheria za nani aguse nini. Anayekukataza ni mfumo endeshi wenyewe, na aghalabu huwa na sababu moja mahususi. Kazi ya fundi ni kuijua sababu hiyo kabla ya kubadilisha chochote.

Herufi za kuanzia

Hatua ya kwanza ni kukiuliza kifaa. Ingia ndani yake, nenda kwenye folda yenye programu yako na uandike amri ls -l pampu, iwapo pampu ndilo jina la faili. Utaona mstari unaoanza hivi: -rw-r--r-- 1 fundi fundi. Alama ya kwanza kabisa hueleza aina ya kitu. Kistari ni faili ya kawaida na herufi d ni folda. Zinazofuata ni nafasi tisa zilizogawika mara tatu: tatu za mwenye faili, tatu za kikundi chake na tatu za watu wengine wote. Herufi r ni ruhusa ya kusoma, w ni ya kuandika na x ni ya kuendesha. Palipo na kistari, ruhusa hiyo haipo.

Katika mfano huu, mtumiaji aitwaye fundi anaweza kuisoma faili na kuibadilisha, lakini hakuna yeyote, hata yeye mwenyewe, anayeweza kuiendesha kama programu. Hapo tatizo limejifichua. Amri chmod +x pampu huongeza herufi iliyokosekana, na mara nyingi safari huishia hapo.

Ruhusa hizi pia huandikwa kwa tarakimu. Kusoma ni 4, kuandika ni 2 na kuendesha ni 1, kisha hujumlishwa. Faili yenye 644 husomwa na wote na kuandikwa na mwenyewe pekee. Yenye 755 husomwa na kuendeshwa na wote, ila mwenyewe tu ndiye anayeweza kuibadilisha, na hicho ndicho kiwango kinachozifaa programu nyingi.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu vingi huyapita haraka. La kwanza ni kwamba mfumo hukukagua kwa fungu moja tu. Ukiwa mwenye faili, hutazamwa zile nafasi tatu za mwenyewe na basi. Hata kama wengine wote wameruhusiwa, wewe utakataliwa iwapo fungu lako ni tupu. La pili linawashangaza wengi: mtumiaji mkuu aitwaye root, ambaye husoma na kuandika karibu kila kitu, naye hawezi kuendesha faili ambayo haina herufi x hata moja. Kwa hiyo kutanguliza sudo mbele ya programu ambayo haijawekewa x hakukusaidii.

Ruhusa hupotelea njiani

Swali linalopaswa kuulizwa baada ya chmod kufaulu ni: herufi hiyo ilipotea wapi? Usipolijibu, utalirudia tatizo kila unapopeleka toleo jipya, na siku utakaposahau ndiyo siku kifaa kitakapozimika.

Mkosaji wa kawaida ni njia iliyotumika kusafirisha. Windows haina alama ya x kama ilivyo katika Linux, hivyo faili iliyotoka huko haina cha kubeba. Flashi na kadi nyingi za kumbukumbu zimepangwa kwa mfumo wa FAT au exFAT, ambao hauna mahali pa kuhifadhia ruhusa za Linux. Ukichomeka flashi ya aina hiyo, faili zote huonekana na ruhusa za namna moja, kulingana na jinsi ilivyounganishwa. Ukijaribu chmod juu yake, ama amri itapita kimya bila kubadilisha lolote au utaambiwa haiwezekani. Suluhisho ni kuinakili faili kwanza kwenye hifadhi ya ndani ya kifaa, kisha uiwekee ruhusa huko. Njia nyingine ni kufunga faili zako zote katika bunda la tar ukiwa kwenye tarakilishi ya Linux. Bunda hilo huhifadhi ruhusa ndani yake, hata likisafirishwa kwa flashi ya FAT.

Amri ya scp, inayotumiwa sana kupeleka faili kupitia mtandao, ina tabia yake. Faili ikiwa mpya kule inakokwenda, hupewa ruhusa zinazofanana na za kule ilikotoka. Iwapo tayari kuna faili ya jina hilo, hubadilishwa yaliyomo tu huku ruhusa za zamani zikisalia. Ukitaka ruhusa za asili zifuatwe kila mara, ongeza -p.

Aidha, tangu OpenSSH toleo la 9.0 lilipotolewa Aprili 2022, scp hutumia itifaki ya SFTP bila kuambiwa. Ruta na vifaa vingi vidogo havina programu ya kuipokea itifaki hiyo, hivyo mawasiliano hukatika na fundi hudhani amenyimwa ruhusa. Ujumbe wenyewe hutaja kwamba sftp-server haikupatikana. Andika scp -O, kwa O kubwa, nayo itarejea kwenye utaratibu wa zamani.

Si kila kukataliwa ni kwa faili

Kuna kukataliwa wakati wa kuingia, wakati wa kuandika na wakati wa kuendesha, na yote matatu huweza kutumia maneno yale yale. Ni muhimu kujua ni hatua ipi iliyogoma.

Iwapo umekataliwa ulipokuwa ukiandika, yamkini unaelekeza faili kwenye folda ambayo si yako, mathalani /usr/local/bin, inayomilikiwa na root. Usibadilishe ruhusa za folda hiyo. Ipeleke programu kwanza kwenye folda yako au /tmp, kisha ukiwa ndani ya kifaa uandike sudo install -m 755 pampu /usr/local/bin/pampu. Amri hiyo moja hunakili na kuweka ruhusa kwa mkupuo, na mwandishi wa makala haya huipendelea kuliko cp ikifuatwa na chmod kwa sababu huacha nafasi ndogo ya kusahau.

Ukiambiwa "Text file busy", kifaa kinasema kwamba programu unayotaka kuiandika juu yake inaendelea kufanya kazi. Isimamishe kwanza, au peleka toleo jipya kwa jina tofauti kwenye folda ile ile kisha ulipe jina la lile la zamani kwa amri ya mv.

Ukiambiwa "Read-only file system", hakuna chmod itakayokuokoa, kwani hifadhi nzima imefungwa isiandikwe. Ruta nyingi huwekewa mfumo wao katika umbo lililobanwa liitwalo squashfs, ambalo haliandikiki kabisa likiwa kazini. Katika vifaa vingine hifadhi imefungwa kwa makusudi na inaweza kufunguliwa kwa muda kwa amri ya mount -o remount,rw ikifuatwa na jina la mahali. Lakini ikiwa jana iliandikika na leo imejifunga yenyewe, soma taarifa za mfumo kwa amri ya dmesg. Linux huweza kujifungia hifadhi inapogundua hitilafu ndani yake, na kwa kadi ya kumbukumbu hiyo huenda ikawa dalili kwamba siku zake zimekwisha. Nakili data yako mapema.

Folda nazo zina herufi x, na hapo maana yake ni ruhusa ya kupita. Ili kuifikia faili, sharti uwe na ruhusa hiyo katika kila folda iliyo njiani, kuanzia juu kabisa. Ufunguo wa chumba cha ndani haukufai kitu iwapo lango la nje limefungwa. Amri namei -l huorodhesha kila hatua ya njia pamoja na ruhusa zake. Pasipo na amri hiyo, tumia ls -ld kwa kila folda, moja baada ya nyingine.

Kisha kuna noexec. Hili ni sharti linalowekwa hifadhi inapounganishwa, kwamba hakuna programu itakayoendeshwa kutoka hapo. Faili yaweza kuwa na 755 kamili na bado ukaambiwa "Permission denied". Andika mount peke yake na utazame mstari wa hifadhi husika kama una neno noexec. Wanaofanya majaribio kwenye simu za Android hukutana na jambo hili wanapoweka programu ya dirisha la amri kwenye /sdcard. Hawafaulu mpaka waihamishie /data/local/tmp.

Njia nyepesi ya kupima ni hii: kama faili yako ni skripti, jaribu sh pampu.sh badala ya ./pampu.sh. Ikifanya kazi kwa njia ya kwanza na kukataa kwa ya pili, basi inasomeka vizuri na tatizo ni herufi x au noexec.

Faili ipo lakini haionekani

Ujumbe unaopotosha kuliko wote ni ule wa "not found", yaani haikupatikana, ilhali faili unaiona kwa macho yako. Wengi hukimbilia ruhusa, lakini hapa ruhusa haina hatia. Kisichopatikana ni kitu kingine ambacho faili hiyo inakihitaji ili ianze.

Ikiwa ni skripti iliyoandikwa kwenye Windows, kila mstari huishia kwa alama ya ziada isiyoonekana. Mstari wa kwanza unaotaja /bin/sh husomeka kana kwamba alama hiyo ni sehemu ya jina, na kwa hakika hakuna programu yenye jina hilo. Amri sed -i 's/\r$//' pampu.sh huziondoa alama hizo zote.

Ikiwa ni programu iliyotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, huenda inatafuta kipakiaji ambacho hakimo katika kifaa. Programu iliyoundwa kwa maktaba za glibc hutafuta kipakiaji kama /lib/ld-linux-armhf.so.3, ilhali vifaa vinavyotumia maktaba ndogo ya musl vina kingine chenye jina tofauti. Dawa ni kuitafsiri upya kwa zana zinazolingana na kifaa, au kuiunganisha na maktaba zake zote ndani ya faili moja.

"Exec format error" kwa kawaida ni dalili kwamba umepeleka programu ya prosesa tofauti, kwa mfano ya tarakilishi ya kawaida ya Intel kwenye kibao cha ARM. Amri file pampu kwenye tarakilishi yako itakuambia imetengenezewa prosesa gani, nayo uname -m ndani ya kifaa itakuambia kilicho nacho. Zisipolingana, hakuna ruhusa duniani itakayozipatanisha.

Hali nyingine ni pale programu inapofanya kazi ukiiendesha mwenyewe lakini inakataa kifaa kinapowashwa upya. Kwenye mifumo inayotumia systemd, amri ya systemctl status huenda ikaonyesha 203/EXEC, kumaanisha mfumo ulishindwa kuianzisha faili yenyewe. Sababu yaweza kuwa herufi x, njia iliyoandikwa vibaya au huduma kuendeshwa kwa jina la mtumiaji mwingine asiyeweza kupita kwenye folda yako. Jaribu kwa jina lake: sudo -u ikifuatwa na jina la mtumiaji huyo kisha njia kamili ya programu.

Vibao vidogo zaidi kama Arduino Uno havina Linux wala ruhusa za faili. Ukikataliwa unapovipelekea programu kutoka tarakilishi ya Linux, tazama tundu la mawasiliano, kwa mfano /dev/ttyACM0 au /dev/ttyUSB0. Katika Debian na Ubuntu matundu hayo ni ya kikundi cha dialout. Jiongeze kwa sudo usermod -aG dialout na jina lako, kisha utoke na kuingia upya, kwani uanachama mpya hautambuliwi kabla ya hapo.

Hatari ya 777

Kuna ushauri mmoja unaosambaa kama moto wa nyika, kwamba ukikwama uandike chmod -R 777. Amri hiyo humpa kila mtumiaji na kila programu ruhusa zote juu ya kila kitu kilichomo. Programu inayoanzishwa na root ikiwa na ruhusa hizo, yeyote aliyepenya kwa mlango mdogo anaweza kuiandika upya, na kifaa kikiwashwa tena kitamtumikia yeye kwa mamlaka ya root. Oktoba 2016, kamera na vifaa vingine vya nyumbani vilivyotekwa na virusi vya Mirai kupitia nywila za kiwandani vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, na tovuti nyingi maarufu zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Pale kosa lilikuwa nywila. Hata hivyo, tukio hilo lilionyesha kwamba kifaa kidogo kisichotiliwa maanani kina thamani kwa wahalifu.

Kuna hasara nyingine iliyo karibu zaidi, nami niliipata kwa gharama yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisimamia kutoka Nairobi kifaa cha pampu kwenye kisima kimoja katika Kaunti ya Kajiado, kinachojaza mabirika ya mifugo. Ijumaa moja jioni nilisimamisha programu ya zamani, nikapeleka mpya, ikakataa kuanza. Kwa uchovu nikaandika chmod -R 777 kwenye folda yangu yote ya nyumbani. Bado ikakataa. Mtandao ukakatika, na nilipojaribu kuingia tena, ufunguo wangu ukakataliwa.

Kifaa hakikuwa na kosa. Kwa kawaida huduma ya SSH huukataa ufunguo iwapo folda ya nyumbani, folda ya .ssh au faili ya authorized_keys inaweza kuandikwa na watu wengine, kwa kuwa yeyote kati yao angeweza kupachika ufunguo wake humo. Kuingia kwa nywila nilikuwa nimekuzima mwenyewe kwa ajili ya usalama. Swichi ya kuwashia pampu kwa mkono ilikuwa ndani ya kisanduku, na ufunguo wa kisanduku hicho ulikuwa mfukoni mwangu Nairobi. Asubuhi ya Jumamosi mlinzi wa kisima alinipigia simu akisema ng'ombe wameshafika na mabirika ni makavu.

Wanaoielekeza amri hiyo kwenye mzizi wa mfumo hupata makubwa zaidi, kwani pia huondoa alama maalumu inayoipa sudo uwezo wake, na njia ya kurekebisha hufungwa pamoja na kila kitu kingine.

Nilifika kisimani karibu saa sita mchana na jambo la kwanza nililolifanya ni kuwasha pampu kwa mkono. Ng'ombe walipokwisha kunywa nikaunganisha kebo, nikaingia kwa nywila na kuandika chmod 755 kwa folda ya nyumbani, 700 kwa .ssh na 600 kwa authorized_keys. Ufunguo ukakubalika papo hapo. Kisha nikaandika mount, amri ambayo ningeiandika Ijumaa ingenichukua sekunde mbili. Programu mpya nilikuwa nimeiweka kwenye sehemu ya data, ambayo miezi mitatu kabla ya hapo niliiunganisha kwa noexec kisha nikasahau. Nikaihamishia /usr/local/bin kwa ruhusa za 755, ikaanza mara moja.